Ndoano na Nukta

Kwa miaka ishirini na miwili niliandika kila neno lililosemwa katika mahakama ya mzunguko ya mji wetu, na nilijivunia jambo moja: sikuwahi kumwomba jaji arudie. Waandishi wa parokia nyingine, ndivyo tuitavyo wilaya zetu, walikuwa wakinyoosha mkono kama watoto wa shule, samahani Mheshimiwa, naomba tena Mheshimiwa. Mimi, Ionie Faulknor, sikunyoosha hata kidole. Hatimkato yangu ilikuwa na mbio kuliko ulimi wa wakili yeyote kisiwani, na niliwaambia hivyo bila haya.

Siri ya mbio hizo, nikisema kweli, ilikuwa uvivu. Majaji ni watu wa kurudia. Kesi ya mauaji ikifika mwisho, kabla wale raia kumi na wawili wa baraza hawajaingia chumbani kuamua kama mtu ana hatia, jaji lazima awape maelekezo ya sheria, na maelekezo hayo ni yaleyale mwaka nenda mwaka rudi. Jaji Hartwell Penso aliyasoma kutoka kwenye kijitabu chake cheusi, neno kwa neno, mpaka nikayajua kuliko Zaburi. Basi nikajitungia alama. Duara lilikuwa maelekezo ya shaka. Ngazi ilikuwa maelekezo ya mashahidi. Na ndoano yenye nukta juu yake ilikuwa maelekezo ya kujihami: kwamba mshtakiwa akisema aliua akijiokoa, si kazi yake kuthibitisha hilo. Ni kazi ya serikali kuwapa baraza hakika kwamba hakuwa akijiokoa, na wakibaki na shaka, wamwachie aende zake. Maneno hayo yalichukua dakika saba kusomwa. Jaji akifungua ukurasa ule, mimi huchora ndoano, hutia nukta, huweka kalamu chini na kutia pipi ya mnanaa mdomoni.

Kila mada mpya ilipoanza niliandika saa pembeni mwa ukurasa. Nilifundishwa hivyo na mzee aliyeniachia kiti kile, nikafuata tu, bila kujiuliza inafaa nini.

Egbert Tomlin alikuwa mkulima wa viazi vikuu kutoka milimani. Alimuua binamu yake Septimus kwa panga, mchana kweupe, katikati ya shamba. Hilo halikuwa na ubishi. Yeye alisema Septimus ndiye aliyeinua panga kwanza. Shahidi wa pekee alikuwa ng'ambo ya bonde na aliona mwisho tu, mtu mmoja amesimama na mwingine amelala. Kwa hiyo kesi nzima ilikaa juu ya swali moja: ni nani anayetakiwa kuthibitisha, na akishindwa hasara ni ya nani. Miaka ile watu bado walikuwa wakinyongwa, na kwa mauaji hapakuwa na adhabu nyingine.

Siku ya maelekezo ilikuwa Oktoba, na asubuhi yote mbingu ilikuwa nyeusi. Jaji Penso alimaliza habari ya shaka, akafungua ukurasa mwingine wa kijitabu, akasema, "Sasa nakuja kwenye suala la kujihami." Nikachora ndoano. Nikatia nukta. Pembeni nikaandika saa tano na dakika kumi. Hapo mvua ikaangukia mabati ya paa letu, na mtu hakusikia hata pumzi yake mwenyewe. Maji yalivuja juu ya kiti cha jaji kama yanavyovuja kila mwaka. Akafunga kijitabu, akakificha ndani ya joho, akasogea, na sote tukakaa tukitazamana mpaka ilipopungua. Aliporudi kitini alifungua kijitabu, akasema, "Mashahidi." Nikachora ngazi.

Hayo yote nilikuja kuyakumbuka baadaye. Siku ile sikuona kitu. Wala wakili wa serikali hakuona, wala wakili wa Tomlin. Sote tulikuwa tumeyasikia maneno yale mara mia, na mtu aliyesikia kitu mara mia haulizi kama leo amekisikia.

Baraza liliona. Walikaa chumbani saa mbili, wakaleta kikaratasi. Msemaji wao alikuwa Alvin Cope, fundi cherehani, mtu mpole wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Waliuliza: je, Tomlin ndiye anayetakiwa kutuhakikishia kwamba alikuwa akijiokoa? Jaji Penso alivua miwani. Aliwaambia kwamba hilo alikwisha kulieleza kwa urefu asubuhi, basi wafuate kama alivyowaeleza. Bwana Cope akasimama pale, akawatazama wenzake, na wenzake wakamtazama yeye. Naona kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyesinzia. Nani ataka kuwa mjinga mbele ya jaji? Wakarudi chumbani. Baada ya dakika ishirini wakasema ana hatia.

Mama yake, Bi Clarista, hakulia. Aliuliza tu aliyekaa karibu naye kama ni lazima mtoto aondoke leoleo.

Mwezi Januari nilipiga chapa mwenendo wa kesi kwa ajili ya rufaa. Nilipofika kwenye ndoano nilitoa folda niliyohifadhi nakala ya maelekezo ya jaji, nikanakili maneno yote ya dakika saba, yakajaza ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili na nusu ya uliofuata. Chini kabisa nikatia sahihi kwamba haya ni maneno kamili na ya kweli, yaliyosemwa mahakamani. Nikapeleka Kingston, kwenye Mahakama ya Rufaa, nikaenda nyumbani kula shelisheli na samaki wa chumvi.

Aprili akaja wakili wa rufaa, kijana mwembamba aitwaye Lascelles Chung, amebeba nakala yangu kwapani. Sikumpenda. Alikuwa na tabia ya kusoma huku mtu anaongea naye. Alifungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akasema maelekezo yamekaa vizuri, hayana kasoro. Kisha akafungua mbele zaidi, kwenye kikaratasi cha baraza.

"Bi Ionie," akasema, "watu walioelezwa hivi, kwa Kiingereza chepesi, ukurasa mzima na zaidi, wanaulizaje swali hili?"

Nikamjibu kwamba watu wa milimani ni wazito wa kuelewa. Nilikuwa nimeudhika. Yaani mtoto huyu alifikiri nimeandika nini, hadithi?

"Simaanishi ubaya, mama. Naomba tu uangalie daftari lako. Mimi hiyo hatimkato yako siijui, na Kingston wameniambia hakuna aijuaye ila wewe."

Nililitoa daftari kwa kishindo, nikafunua. Ndoano ilikuwepo. Saa tano na dakika kumi. Na chini yake, kwa mkono wangu mwenyewe: mvua, saa tano na dakika kumi na moja. Kisha: kikao chaendelea, saa tano na dakika arobaini. Kisha ngazi, dakika ileile.

Dakika moja.

Nilihisi jasho likinitoka nyuma ya magoti, mahali ambapo sikujua kwamba mtu hutoka jasho. Nikamwona Bwana Cope amesimama na kikaratasi chake, na nikajua kwamba siku ile katika chumba kile kizima ni yeye tu aliyekuwa macho.

"Yapo?" akauliza Chung.

"Yapo," nikasema.

Akashukuru. Akasema basi hana hoja ya maana, ataandika hizo ndogondogo, labda Mungu atasaidia. Akaondoka na nakala yake kwapani, nami nikabaki nimelishika daftari mpaka vidole vikafa ganzi.

Sitajitetea kwamba sikujua nafanya nini. Nilijua. Niliogopa, basi. Niliogopa kushtakiwa kwa kuthibitisha uongo. Niliogopa kupoteza kiinua mgongo, maana ilibaki miezi kumi na minne nistaafu. Niliogopa, na hili ndilo la aibu kuliko yote, kuchekwa na wale waandishi wa parokia nyingine. Nilijiambia kwamba Tomlin huenda ni muuaji kweli. Nilijiambia kwamba jaji huenda aliyasema wakati wa mvua, mimi ndiye sikusikia. Kwa hilo la pili nilipata nguvu za kwenda kwake.

Jaji Penso alikuwa kibarazani kwake akimwagilia okidi. Kila mtu alijua kwamba karibuni atapandishwa Mahakama ya Rufaa. Nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe nikamuuliza kama anakumbuka kesi ya Tomlin, siku ya mvua, kama alisoma ule ukurasa wa kujihami. Alinitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayeulizwa kama asubuhi alivaa suruali.

"Ionie, maelekezo yale huwa nayasoma. Kila mara nayasoma. Wewe mwenyewe umeyaandika, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Hakuwa akidanganya. Angeapa kwa Biblia na angeapa kwa moyo safi. Hapo ndipo hofu ilipobadilika sura, kwa sababu nilielewa kwamba duniani kote hakuna mtu mwingine wa kulisema jambo hili. Jaji alikuwa na hakika. Mawakili walikuwa na hakika. Karatasi ilikuwa na hakika kuliko wote, tena ilikuwa na sahihi yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa. Kilichokuwa kikimla Egbert Tomlin kilikuwa ndani ya droo yangu.

Nilifikiria kulichoma lile daftari. Nilikwenda nalo mpaka jikoni. Nikalirudisha, si kwa wema; niliogopa moshi, niliogopa jirani kuuliza.

Bi Clarista alikuwa na meza sokoni, anauza viazi vikuu, mchicha na ndizi mbichi. Mimi nilinunua kwake tangu kabla ya kesi na niliendelea baadaye, kwa sababu kuacha kungeonekana. Kila mara aliongeza kitu juu ya nilicholipia, kama ilivyo desturi ya wachuuzi wetu, lakini yeye alizidisha. Mei ile alinitilia kiazi kizima kikubwa. Nikamwambia aache, atafilisika.

"Chukua, Bi Ionie. Wakili ameniambia rufaa ni tarehe sita Juni. Mimi nikamwambia siogopi sana, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika. Hao wengine walikuwa wanatazama saa zao. Wewe nilikuona, hukuinua kichwa. Kila kitu kimo mle, sivyo?"

"Kila kitu kimo," nikasema.

"Basi mwanangu yuko salama." Akaipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Anasema wanampima uzito kila wiki. Eti kwa ajili ya chakula. Ni kwa chakula kweli?"

Kila mtu anayefanya kazi mahakamani anajua kwa nini hupimwa uzito. Ni kwa ajili ya urefu wa kamba. Nikamwambia ni kwa chakula. Nikabeba kiazi kile mpaka nyumbani na sikukila. Kilikaa sakafuni jikoni kikachipua, na kila nilipoingia kuchemsha chai kilikuwa pale kinaota.

Tarehe sita Juni nilipanda basi la alfajiri kwenda Kingston na daftari ndani ya mkoba wa kanisani. Nataka niseme kwamba nilikuwa nimeamua. Sivyo. Mpaka kwenye ngazi za mahakama nilikuwa nikijiambia nimekuja kusikiliza tu, na kwamba nikimwona Tomlin nitajua la kufanya. Wala hawakumleta. Kiti chake kilikuwa kitupu. Walikaa majaji watatu juu, na Chung akasimama na hoja zake ndogondogo, akizisoma kwa sauti ya mtu anayeuza nguo zilizochanika. Jaji wa katikati, mzee mnene mwenye sauti ya chini, akamkatiza kwa upole. Akasema mahakama imeridhika na ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, na kama wakili hana jambo zaidi, hakuna haja ya kuusumbua upande wa pili.

Chung akakunja karatasi zake.

Nikanyoosha mkono. Miaka ishirini na miwili, na mkono ule ukapanda wenyewe, wa mtoto wa shule kabisa.

"Samahani, Mheshimiwa," nikasema. "Ukurasa huo haukusemwa."

Sikumbuki yote yaliyofuata. Askari alinijia, jaji akamzuia. Waliniapisha. Chung alikuwa amesimama mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa akisoma chochote. Niliwafunulia daftari, nikawaonyesha ndoano na nukta, saa tano na dakika kumi, mvua, ngazi. Nilieleza habari ya folda. Nilieleza kwamba wakili aliponiuliza nilimdanganya. Karani wa Kingston, msichana wa kucha nyekundu, alikuwa akiniandika. Niliona anaandika kila neno, herufi kwa herufi, bila njia ya mkato hata moja. Nilimwonea wivu.

Majaji walitoka kwa nusu saa. Waliporudi walisema hukumu ya kifo imetenguliwa, na Egbert Tomlin atashtakiwa upya mbele ya baraza jingine, litakaloisikia sheria kwa masikio yake. Chung alikimbia nje kutafuta simu. Mimi nilikaa, nikapumua. Nilifikiri yaliyobaki ni adhabu yangu tu, na adhabu yangu nilikuwa tayari kuibeba. Mficha uchi hazai. Nami nilikuwa nimejivua mbele ya watu wote, basi yamekwisha.

Lakini yule jaji wa katikati hakuwa amefunga faili. Alikuwa akilitazama daftari langu.

"Bi Faulknor," akasema, "alama hii umeitumia kwa muda gani?"

"Miaka kumi na tisa, Mheshimiwa."

"Katika kesi ngapi?"

Nilikuwa sijawahi kuzihesabu. Nilimwona yule jaji akielewa wakati uleule nilipoelewa mimi. Akaweka kalamu chini. Aliniangalia jinsi watu wanavyomwangalia mtu aliyefiwa na hajaambiwa.

Hawakunifunga. Hawakuweza. Msajili alinieleza kwamba shauri langu litasubiri, kwa sababu kwanza lazima madaftari yote yasomwe, na hakuna awezaye kuyasoma ila mimi. Wameniwekea askari mlangoni na msichana wa kucha nyekundu mezani, anipigie chapa nitakachosoma. Kabati lina madaftari mia moja na sitini. Nimeambiwa nianze na kesi za wafungwa walio hai, kwa kuwa hao bado wanaweza kuokolewa.

Leo asubuhi sikuanza na walio hai. Nilikwenda rafu ya tatu, nikatoa la Wilmot Gayle.

Gayle alimpiga mtu chupa kwenye kilabu cha pombe akamuua, na akasema alikuwa akijiokoa. Alikata rufaa, na majaji wa rufaa wakayasifu maelekezo liliyopewa baraza, kwamba yamekamilika na ni ya kuigwa. Niliikata habari hiyo gazetini nikaiweka ndani ya Biblia yangu, maana walikuwa wakiisifu kazi ya mikono yangu. Alinyongwa Jumanne moja. Nilisikia redioni nikimenya ndizi, nikaongeza sauti kusikiliza hali ya hewa.

Msichana aliuliza kama niko tayari. Nikafunua. Ndoano ilikuwepo, na nukta yake, mwandiko safi kabisa. Pembeni: saa nane na dakika tano. Hakukuwa na mvua siku ile, hakuna aliyesimama, hakuna kilichovuja. Nikateremsha kidole mpaka mada iliyofuata.

Saa nane na dakika sita.

Nikarudi juu nikasoma tena, nikitumaini kwamba nimekosea mwandiko wangu mwenyewe. Sijawahi kukosea mwandiko wangu.